Wajerumani hukaribisha mara moja

Keki imekatwa, kahawa imemiminwa, na mama mwenye nyumba anamuuliza mgeni wake kama atakula kipande. Mgeni ni mwanafunzi kutoka Tanga, ndio kwanza amehamia Leipzig, na anajibu kwa adabu aliyolelewa nayo: "Hapana, asante, nimeshiba." Sahani inahamia kwa mtu wa pili, kisha wa tatu, na hairudi tena. Tanga mwenyeji angesema, "Jamani, onja japo kidogo," angejifanya amekasirika, na mwisho angemwekea kipande mbele yake bila kusubiri jibu. Leipzig mwenyeji amesikia hapana, na kwa malezi yake yeye, kumshurutisha mtu mzima aliyekwisha kukataa ni kumvunjia heshima.

Visa vya namna hii husimuliwa sana na Waswahili waliosoma Ujerumani. Kinachobadilika ni mji na chakula tu. Ndani yake mna jambo ambalo mwanafunzi akilielewa mapema hujiepusha na miezi mingi ya manung'uniko. Wajerumani huyachukua maneno kama yalivyosemwa. Hawakisii. Anayetaka kitu hukitaja, mwenye shida huisema, na aliyenyamaza huachwa na amani yake. Mgeni kutoka pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea kusomwa uso na kuulizwa "mbona leo huna raha?", huona amesahaulika, kumbe wenzake wanadhani wanamstahi.

Wanaokwenda huko si wachache. Katika mwaka wa masomo wa 2023/24 vyuo vya Ujerumani vilikuwa na karibu wanafunzi 380,000 waliotoka nchi nyingine, Wahindi na Wachina wakiongoza kwa idadi. Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakongo ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo, lakini wapo. Kinachowavuta kwanza ni ada: vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo hata kwa mgeni, isipokuwa hapa na pale, kama jimbo la Baden-Württemberg ambalo tangu mwaka 2017 huwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Gharama kubwa iko kwenye viza. Asiye na ufadhili wala mdhamini hutakiwa aoneshe fedha za kujikimu mwaka mzima, na njia inayotumiwa zaidi ni akaunti maalumu inayoitwa Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, na mwenyewe huruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Kwa familia nyingi hizo ni fedha za kuuza kiwanja au kuwachangisha wajomba na mashangazi wote.

Akishafika, somo la kwanza hapewi darasani. Hulipata mlangoni, kwenye sanduku la barua.

Sheria inamtaka kila anayehamia kwenye nyumba ajiandikishe katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, akiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli anaishi pale. Wanafunzi wote huijua shughuli hiyo kwa jina lake la Kijerumani, Anmeldung, na bila hiyo mambo mengine hukwama. Baada ya hapo barua huanza kumiminika: namba ya kodi, kadi ya bima ya afya, namba ya siri ya benki. Postamani hutazama majina yaliyobandikwa kwenye masanduku. Jina lisipokuwepo, barua hurudi ilikotoka, hata kama mwenyewe yuko ghorofani akiisubiri. Nyumbani mtu hutafutwa kwa kuulizia: yule kijana wa mama fulani, anakaa nyuma ya msikiti, geti la bluu. Ujerumani mtu asipojiandika jina, kwa posta ni kama hayupo. Kipande kidogo cha karatasi na gundi ya utepe, kibandikwe siku ileile ya kuhamia, huokoa usumbufu mwingi.

Miongoni mwa barua za mwanzo huwamo moja inayowashangaza wengi: ya mchango wa redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Haiulizwi kama nyumba ina televisheni. Wanaoishi pamoja hulipa mara moja kwa nyumba nzima na kugawana wenyewe, na mgeni anayeipuuza barua akidhani imekosewa hujikuta na deni lililojaa miezi.

Neno jingine analolijua kila mwanafunzi ni Termin, yaani miadi. Daktari ana Termin, benki ina Termin, ofisi ya wageni inayoongeza muda wa kuishi ina Termin, na huenda nafasi ya karibu ikawa baada ya wiki sita. Marafiki nao ni hivyohivyo. Mwanafunzi mwenzako akisema mkanywe kahawa, hutoa simu, hufungua kalenda na kupendekeza Alhamisi ya wiki ijayo, saa kumi jioni. Mgeni huumia moyoni: huyu ni rafiki gani anayenipangia foleni? Lakini Alhamisi ikifika, saa kumi kasoro dakika tano, yule mtu yuko pale mlangoni mwa mkahawa. Simu ameiweka mfukoni, na saa mbili zote zinazofuata ni za mgeni wake. Kwao "tutaonana" haisemwi kwa kuagana tu. Ikisemwa na siku ikatajwa, imekuwa ahadi.

Ndiyo maana kubisha hodi bila taarifa hakuzoeleki. Jirani anayependa watu kabisa anaweza kufungua mlango akiwa ameduwaa, kwa sababu hodi ya ghafla humaanisha kuna hatari au kuna malalamiko. Ujumbe mfupi wa simu saa moja kabla hubadilisha hali yote.

Chuoni, mwanafunzi aliyezoea heshima ya mwalimu wa Afrika Mashariki hukutana na mambo yanayopingana. Upande mmoja kuna urasmi: profesa huandikiwa barua pepe kwa cheo chake na jina la ukoo, na watu wazima wasiojuana hutumia kiwakilishi cha heshima hadi mkubwa kwa umri au cheo aruhusu kile cha kirafiki. Mtu wa shikamoo hulielewa hilo upesi, maana hata kwao umri ndio unaoamua nani aanze. Upande wa pili, katika semina kijana wa miaka ishirini na moja hunyoosha mkono na kumwambia profesa kwamba hoja yake ina kasoro, na profesa humshukuru. Anayekaa kimya wiki baada ya wiki kwa unyenyekevu huhesabiwa kuwa hakusoma. Makosa nayo husemwa wazi. Kazi ya kurasa ishirini inaweza kurudi na maneno manne: sura ya tatu haieleweki. Hakuna utangulizi wa kupoza, hakuna "umejitahidi sana, ila". Wengi wamelia usiku kwa maoni ya namna hiyo, kisha wiki iliyofuata wakamkuta profesa yuleyule akiwasaidia kwa subira kuiandika upya sura ya tatu. Kilichokosolewa kilikuwa karatasi.

Kuna saa maalumu za profesa kuonana na wanafunzi, na milango hiyo iko wazi kweli, ila mwanafunzi ndiye anayekwenda. Profesa hatamfuata kumuuliza kwa nini amepotea. Alama nazo huhesabiwa kinyume na mazoea ya wengi: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ni ya kuponea, na 5.0 ni kufeli. Wazazi waliotumiwa picha ya cheti chenye 1.3 wameshawahi kupiga simu kwa huzuni, wakahitaji maelezo marefu.

Watu husema Mjerumani hachelewi, na kwa jumla ni kweli, lakini vyuo vyake vina desturi ya zamani inayompa kila mtu robo saa. Ratiba ikiandika saa nne na kando yake herufi c.t., kifupisho cha Kilatini, mhadhara huanza saa nne na robo. Ikiandikwa s.t., huanza saa nne kamili na mlango ukifungwa umefungwa. Na mhadhara ukimalizika hakuna makofi. Wanafunzi hukunja vidole na kugonga meza kwa viungo vya vidole, ukumbi mzima ukilia ngo-ngo-ngo kwa sekunde kadhaa. Mgeni wa siku ya kwanza hudhani kuna fujo, hasa akiwa amekaa katikati ya vijana mia tatu. Baada ya mwezi mmoja naye anagonga.

Kwa upande wa makazi, wengi huishi katika vyumba vya nyumba moja na kuchangia jiko na bafu. Kwenye friji hubandikwa ratiba ya usafi: wiki hii fulani jiko, fulani choo, fulani kutoa taka. Kila mmoja ana rafu yake ndani ya friji, na maziwa yana jina. Mtu aliyekulia kwenye sufuria moja la wali huona ni uchoyo. Hata hivyo, waliokaa muda mrefu hueleza kuwa mipaka hiyo ndiyo inayozuia magomvi kati ya watu wasio na undugu, na kwamba jioni moja kwa wiki wakazi wa nyumba hupika pamoja, na hapo pilau ya Mswahili huisha kabla ya kupoa. Akipika peke yake na kuwakaribisha, aseme siku na saa. Watakuja wote, mmoja na chupa ya juisi, mwingine na saladi.

Chakula cha jioni cha kawaida huwa baridi: mkate, jibini, nyama za kukatwakatwa, matango ya siki. Kwa mtu anayeamini kwamba asiyekula chakula cha moto hajala, hili ni gumu kulizoea. Lakini mkate wenyewe haustahili kudharauliwa. Taasisi ya mkate ya nchi hiyo imeorodhesha aina zaidi ya 3,000, na tangu mwaka 2014 utamaduni wa mkate umo katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika. Mikate mizito myeusi hukaa siku kadhaa bila kuharibika na hushibisha kweli. Anayetamani ugali huenda kwenye maduka yanayoitwa Afroshop, yaliyomo katika miji mingi mikubwa, ambako hupata unga wa mahindi, muhogo, ndizi za kupika na dagaa wakavu kwa bei ya kuuma.

Jambo linalowagonganisha zaidi wenyeji na wageni ni dirisha. Katikati ya Januari, nje kuna barafu, Mjerumani hufungua madirisha yote kwa dakika tano au kumi, mara mbili tatu kwa siku, kisha huyafunga. Mgeni aliyelipia joto hilo kwa euro zake huyafunga tena haraka. Sababu ya wenyeji ina mantiki: nyumba zao zimezibwa vizuri kuhifadhi joto, mvuke wa kupika, wa kuoga na wa pumzi hauna pa kutokea, na ukigeuka maji ukutani huzaa ukungu mweusi. Ukungu huo ukionekana, mwenye nyumba humlaumu mpangaji kwamba hakupitisha hewa, na mikataba mingi ya pango hulitaja jambo hilo.

Halafu Jumapili. Maduka hufungwa nchi nzima, isipokuwa vituo vya mafuta, maduka ya stesheni kubwa na baadhi ya maduka ya mikate kwa saa chache. Hili liko kwenye katiba: kifungu cha 139 cha katiba ya Weimar ya mwaka 1919, kilichohamishiwa katika katiba ya sasa, kinailinda Jumapili kuwa siku ya kupumzika kutoka kazini. Siku hiyo mtu hapigilii msumari, hatumii kekee, wala hatupi chupa kwenye kontena za vioo, kwa kuwa mlio wake unasumbua. Usiku pia kuna utulivu wa saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwanafunzi aliyetoka Manzese au Eastleigh, ambako usingizi huja juu ya spika za harusi, huhisi ukimya huo ukimlemea. Wengine husema ndio uliowawezesha kumaliza tasnifu.

Taka zina elimu yake. Kwa kawaida pipa la njano ni la vifungashio, la buluu la karatasi, la kahawia la maganda na mabaki ya chakula, na la kijivu au jeusi ni la vilivyobaki. Rangi zinaweza kutofautiana kidogo kati ya mji na mji. Vioo hupelekwa kwenye kontena za mtaani, vyeupe mbali, vya kijani mbali, vya kahawia mbali. Anayechanganya anaweza kukuta karatasi imebandikwa mlangoni, imeandikwa kwa herufi nadhifu, haina matusi, ikieleza alichokosea. Hiyo ndiyo njia ya jirani. Hakumsema kwa wengine wala hakununa, amemwandikia mwenyewe.

Chupa nyingi hazitupwi kabisa, kwa sababu zina fedha ndani. Tangu Januari 2003 kopo au chupa ya plastiki ya kutumika mara moja huuzwa na rehani ya senti 25, na chupa ya bia ya kioo inayojazwa upya ina senti 8. Mwanafunzi huzikusanya jikoni kwenye mfuko mkubwa, akifika supamaketi husimama mbele ya mashine yenye tundu la duara, huingiza chupa moja moja kwa kitako, mashine huizungusha, huisoma alama yake na kuimeza. Chupa iliyobonyea huweza kukataliwa na kurudishwa. Mwisho hubonyeza kitufe, risiti hutoka, na risiti hiyo hupunguza bei ya manunuzi. Chupa ishirini ni euro tano, yaani chakula cha mchana kwenye kantini ya chuo na chenji inaweza kubaki. Wapo wazee na watu wasio na kazi wanaoishi kwa kuokota chupa za wenzao, na ndiyo sababu watu wengi huziacha kando ya pipa badala ya kuzitumbukiza ndani, ili mwokotaji asilazimike kuingiza mkono kwenye uchafu. Ni upole ambao haupigiwi kelele, na mgeni huuona akichunguza tu.

Kwenye treni za mjini hakuna kondakta anayegongagonga mlango wala geti la kupitisha kadi. Mtu hupanda na kushuka, na anaweza kukaa wiki nzima bila kuulizwa. Halafu siku moja watu wawili waliovaa kiraia husimama na kuonesha vitambulisho, na asiye na tiketi halali hulipa euro 60, awe profesa au mgeni wa jana. Kusema "sikujua" hakusaidii. Wageni wengi wameadhibiwa wakiwa na tiketi mkononi, kwa sababu hawakuigonga mhuri kwenye kimashine kidogo cha mlangoni. Ni hali ileile ya barua na ya keki: masharti yameandikwa, na kila mtu anachukuliwa kuwa ameyasoma. Taa nyekundu ya waenda kwa miguu nayo huheshimiwa hata barabara ikiwa tupu, hasa mtoto akiwa karibu, maana mzazi atamkemea waziwazi mtu mzima anayevuka.

Kinachowachosha Waswahili kuliko sheria zote hizo ni jua. Saa ya Kiswahili imejengwa karibu na ikweta, ambako jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Berlin mwezi wa Desemba huchomoza saa mbili na robo asubuhi na huzama kabla ya saa kumi alasiri. Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na hukawia hadi saa tatu na nusu usiku. Waislamu waliofunga huko mwaka 2016, Ramadhani ilipoangukia Juni, walikaa zaidi ya saa kumi na nane bila maji. Isitoshe, saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo anayepiga simu Dar es Salaam au Nairobi huwa nyuma kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi. Miezi ya giza ndiyo ya upweke. Novemba na Januari mtu hutoka gizani, hurudi gizani, na asiposema na mtu yeyote hakuna atakayejua.

Salamu zipo, kinyume na inavyodaiwa. Anayeingia chumba cha kusubiri kwa daktari huwasalimu wote waliokaa, nao humwitikia. Hamburg husema "Moin" asubuhi, mchana na usiku, na kwenye njia za vijijini wapitanjia husalimiana. Kinachokosekana ni ule mlolongo wa habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Mtu akiulizwa hali yake anaweza kujibu ukweli wenyewe: vibaya, sikulala, nina mtihani. Swali limeulizwa, jibu limetolewa. Siku ya kuzaliwa hali hugeuka: mwenye siku ndiye anayeleta keki kazini au darasani, na kumpongeza kabla ya siku yenyewe huhesabiwa kuwa mkosi. Mkahawani mhudumu huuliza kama mtalipa pamoja au kila mtu chake, na jibu la kila mtu chake halimuudhi yeyote.

Waswahili wameyaona mengi ya haya kabla ya kizazi cha sasa. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, alifika Hamburg mwaka 1867 na mumewe mfanyabiashara, akafiwa naye mwaka 1870, akabaki na watoto wadogo katika nchi ya baridi, na kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa mwaka 1886. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1887. Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotokana na maandishi yake, kilitoka mwaka 1903. Alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 alipotaka kurudi naye, serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka Dar es Salaam. Alirudi Ujerumani na akafariki Berlin mwaka 1927. Baadaye walikuja walimu kama Said Ahmed Mohamed huko Bayreuth na Abdilatif Abdalla huko Leipzig. Bayreuth ndiko kongamano la Kiswahili linakofanyika tangu miaka ya 1980, na mgeni huwasikia Wajerumani wakibishana kwa Kiswahili sanifu kuhusu ushairi wa Pwani.

Historia hiyo ina upande mchungu, na haifai kuufunika. Katika mtaa wa Wedding mjini Berlin kuna barabara iliyopewa jina la Petersallee mwaka 1939 kwa kumtukuza Carl Peters, aliyewatesa watu wa Afrika Mashariki. Agosti 2024, baada ya wanaharakati kupigania kwa miaka mingi, jina hilo lilifutwa na kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Kabla ya hapo, Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha akiwa Songea kwa maovu ya ukoloni wa Wajerumani. Mwanafunzi mweusi hata leo hukutana na ubaguzi, hasa anapotafuta chumba: kwa simu chumba kipo, akifika kimechukuliwa. Sheria ya mwaka 2006 inakataza kumbagua mtu kwa asili yake katika kazi na mambo mengi ya makazi, na kuna ofisi ya serikali inayopokea malalamiko. Hapa pia anayenyamaza hasaidiwi. Desturi na ubaguzi ni vitu viwili: jirani asiyekukaribisha chai anafuata mazoea yake, lakini mwenye nyumba anayekunyima chumba kwa rangi yako anavunja sheria.

Na msaada ni mwingi kuliko mgeni anavyodhani. Shirika la huduma za wanafunzi la kila mji lina washauri wa kisaikolojia, kwa kawaida bure au kwa gharama ndogo. Jumuiya za wanafunzi za makanisa, ya Kiinjili na ya Kikatoliki, zina mifuko ya dharura kwa wanafunzi wa kigeni waliokwama, bila kujali dini mara nyingi. Vyuo vingi humpangia mgeni mwenyeji wa kumwongoza muhula wa kwanza. Yote haya yana fomu, yana Termin, na hakuna hata moja linalomfuata mtu chumbani. Kijana aliyefundishwa kwamba mwungwana hasemi njaa yake anaweza kumaliza mwaka mzima wa dhiki mita mia mbili kutoka ofisi ambayo kazi yake ni kumsaidia. Hilo ndilo linalouma zaidi katika habari hizi, na ndilo linaloweza kurekebishwa kwa urahisi zaidi.

Ndugu wanaomtazama kwa mbali nao wana sehemu yao. Mwanafunzi asiyetoka Umoja wa Ulaya huruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, na mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Ukitoa pango, bima ya afya na chakula, kinachobaki ni kidogo, na kila saa aliyoosha vyombo mkahawani ni saa aliyoikosa maktaba. Ujumbe wa mchango wa harusi, wa bati la nyumba na wa ada ya mpwa huanza kuingia kwenye simu yake kabla hajajua kusoma mkataba wa pango.

Maombi ya muhula unaoanza Oktoba hufungwa katika vyuo vingi tarehe 15 Julai, na miadi ya viza ubalozini huweza kuchukua miezi. Anayekusudia kwenda aanze Kijerumani sasa, hata kama masomo yake yatakuwa kwa Kiingereza, kwa kuwa barua za ofisini hazitakuja kwa Kiingereza. Akifika aombe, aulize, aseme ndiyo akikaribishwa keki. Na familia inayomsindikiza uwanja wa ndege impe mwaka wa kwanza bila kumwomba fedha.